Mama Concilie wa Kijito cha Kasebu

Wasikilizaji wapendwa, hapa ni Baraka, na leo tunamkumbuka Mama Concilie Hatungimana. Mama Concilie, yule mama wa vipepeo. Tulimzika Jumamosi. Mmezoea kunisikia naongea taratibu. Leo nikiongea kwa ukali, mnivumilie. Nina kinyaa rohoni na sitakificha.

Alikuja Fizi akitoka Burundi, mimba tumboni. Alianzia kambi ya wakimbizi ya Lusenda, kisha akahamia huku kwetu, akalima muhogo kama wengine. Halafu shirika moja la kulinda msitu likamwajiri kufuatilia vipepeo. Kila mvua zikianza, na kila kiangazi, yeye na mwenzake Wilfried walipanda hadi kijito cha Kasebu, juu ya mashamba. Walitundika mitego ya wavu mitini. Waliangalia vipepeo gani wamerudi, gani wamepotea, miti gani imekatwa. Kisha wanawaachilia. Ndiyo ilikuwa kazi yake, wasikilizaji: kuwatazama na kuwaachilia.

Chambo chake kilikuwa ndizi zilizooza, zimelowekwa ndani ya kasiksi, ile pombe ya ndizi. Harufu yake, mama yangu! Vipepeo waliipenda. Watu wa pikipiki walikataa kumbeba. Kanisani bamama walihama benchi. Wengine wakanong'ona kwamba ni mchawi, anapika uchafu msituni. Binti yake, Divine, ameniambia: "Mi nilikuwa naonaga haya kutembea naye. Yeye anacheka tu. Anasema, 'Mutoto, hii ni ndizi. Nikifika nyumbani nitaoga.'"

Basi, machimbo ya zahabu, kariere kama wanavyoyaita, yakafunguliwa kando ya Kasebu. Mwenye machimbo wanamwita PDG, yaani bosi mkuu. Jina lake sitalitaja, halistahili kukaa karibu na la marehemu.

Kiangazi kilichopita, Mama Concilie alikuta mazuti ya motopompe, dizeli ya ile mashine ya kuvuta maji, yamemwagika kwenye mchanga wenye maji, pale vipepeo wanaposhuka kunywa. Walikuwa wamenasa humo, mabawa yamegandamana, wengine bado wanachezesha miguu. Akawazoa ndani ya beseni. Akalibeba beseni hadi kwenye mkutano wa kijiji, akaliweka chini mbele ya watu wote.

PDG akacheka. "Bipepeo? Sasa tufunge kariere juu ya bipepeo?"

Na watu wakacheka naye. Ndiyo, wakacheka!

Mama Concilie akawaambia: "Hii mayi bipepeo banakunywa, njo ile batoto benu banakunywa. Munacheka nini?"

Mkutano ukahamia kwenye mambo mengine. Beseni likabaki pale chini hadi yeye mwenyewe alipolichukua.

Mvua zikarudi, naye akarudi Kasebu. Wachimbaji walikuwa wamekula ukingo wa kijito kwa chini, juu pamebaki udongo mtupu unaoning'inia. Alikuwa anafunga mtego kwenye mti wake wa kila msimu. Ukingo ukaporomoka, mti na mtu pamoja.

Wilfried alikuwa ng'ambo ya maji. Anasimulia hivi: "Nilipiga kelele, 'Simamisha masini! Mama iko chini ya udongo!' Kwa sababu ile mayi ya motopompe ilikuwa inazidi kuangusha udongo. PDG alinitazama. Akasema, 'Ngoja tumalize hii muchanga, iko na zahabu.'"

Ngoja tumalize. Wasikilizaji wapendwa, muntu iko chini ya udongo, na muntu mwenzake anasema ngoja tumalize.

Wilfried alichimba kwa mikono. Wachimbaji wawili walitupa majembe ya kazi wakaenda kumsaidia bila ruhusa, na mmoja wao ndiye aliyeizima ile mashine. Walipomfikia, alikuwa amekwisha kukata roho.

Kwenye kilio, PDG alileta masoda na viti vya plastiki. Alikaa mbele kabisa, miwani myeusi usoni, akaomba neno. Akaanza: "Mama Concilie alikuwa rafiki wa kariere yetu..." Divine akasimama. Hakulia. Alisema: "Papa PDG, toka. Na masoda yako utoke nayo." Vijana wakabeba kreti wakazipanga nje ya uzio wa lupango, kwenye jua.

Jana yule bwana ametuma communiqué, tangazo la pole, nimsomee hapa hewani. Nimeirudisha. Hapa haitasomwa.

Divine, pole sana, mwanangu. Wilfried, pole. Ndugu zake mlio Lusenda na ng'ambo ya ziwa, poleni. Mungu ampumzishe.

Na sisi wengine tufikiri. Mkutano wa kijiji ni kesho, pale pale. PDG amesema atakuja, anataka kuongezewa ukingo wa pili wa Kasebu. Divine naye atakuja, na ameomba kusema. Mara ya kwanza, mama yake alisimama peke yake mbele yetu. Kesho binti akisimama, nitatazama ni nani atakayecheka.