Wakili wa Watu wa Ndara

Sogeeni karibu, wanangu. Lois, niwekee mto mgongoni. Na wewe Danson, zima hiyo redio, ukae mahali ninapouona uso wako, maana haya nitayasema mara moja tu, na mwenye la kunijibu angoje nimalize.

Baba yenu, Thadeus, ninyi mlimjua akiwa waziri, mwenye bendera mbele ya gari na askari langoni. Mimi nilimjua kabla. Nilimjua aliporudi kutoka ng'ambo na shahada yake ya sheria, akakodi chumba nyuma ya duka la Alwi hapa Voi, akaanza uwakili na meza moja. Uhuru ulikuwa bado kidogo. Mzungu wa mkonge akataka kuwafukuza watu waliokuwa wakilima chini ya mlima Ndara tangu enzi za babu zao, na baba yenu akasimama kortini kwa ajili yao. Mama Tryphena, mmoja wa wakulima wale, alipoitwa kutoa ushahidi aliingiwa na hofu, akanyamaza. Basi baba yenu akamwomba hakimu ruhusa, akamwuliza maswali kwa Kidawida, lugha yetu ya nyumbani, polepole, kama mtu anayezungumza na mamake jikoni. Na yule mama akainua kichwa, akayataja makaburi ya wazee wake moja baada ya jingine, hata karani akaacha kuandika. Walishinda. Wanawake walimbeba baba yenu juu juu mpaka stesheni, nami nikifuata nyuma na viatu vyake mkononi, nikilia kwa furaha.

Kwa kesi ile walimpa kura, na kwa kura zile akaingia Bungeni, na haukupita muda akateuliwa waziri. Kisha Mzungu akaenda zake, na shamba lote, hata ile sehemu ya watu, likarudi kwa serikali ili ligawiwe wenyewe. Hati ilipotoka ilikuwa na jina moja tu, la baba yenu. Nilimwuliza tukila, "Baba Danson, na wale watu?" Akanijibu macho yakiwa kwenye sahani, "Wataelewa. Kila mwenzangu amepata chake."

Hawakuelewa. Mama Tryphena alikuja nyumbani kwetu kwa miguu, akaketi ukingoni mwa kochi, nikampa chai asiinywe. Baba yenu akatoka chumbani na suti yake, akasimama mbele yake, akamjibu kwa Kiingereza. Kwa Kiingereza, wanangu! Maneno marefu ya ofisini, kisha akapanda gari akaondoka. Yule mama akanigeukia: "Amesema nini, mwanangu?" Ningefanyaje? Nikamwambia, "Amesema mhame kabla ya mvua." Akakiweka kikombe chini taratibu, asimwage. "Hilo angeniambia mwenyewe," akasema. "Mimi na yeye husikilizana vizuri."

Tingatinga lilikuja likazilaza nyumba zao. Tangu siku hiyo, kanisani nikiingia, akina mama walinipisha benchi zima. Sokoni walinisalimu vizuri, wakanichagulia nyanya nzuri, na heshima ile ilinichoma kuliko tusi. Sikuwahi tena kulala usingizi wa mtu mwenye haki yake.

Maji, Lois. Kidogo tu.

Kura zilipomkataa, baba yenu alirudi Voi akafungua ofisi tena. Alikwenda kila asubuhi amevaa tai, akarudi jioni akisema, "Leo kumekuwa kimya." Hakuja mtu na kesi hata ya mbuzi. Alipofariki tukampeleka Ndara, kwenye shamba lile. Mnajua kwetu mchimba kaburi hatafutwi, majirani huja wenyewe na majembe. Siku ile hakuja jirani. Wewe Danson ukashuka mjini kutafuta vibarua, nami nikabaki na jeneza kwenye jua. Ndipo alipotokea Noah, mwana wa Mama Tryphena. Akavua shati, akachimba mpaka shimo likamfika kiunoni, akatoka, akafuta jembe lake kwa majani. "Nimekuja kumzika wakili," akaniambia. "Nusu iliyobaki ni ya waziri. Mtaimaliza ninyi."

Lo, wanangu, ningeweza kuingia mimi katika lile shimo ningeingia.

Sasa nasikia wale watu wamerudi, wamejenga vibanda, na kuna kesi kortini ya kuwatoa. Kesi kwa jina langu, kwa kuwa baba yenu aliniachia mimi shamba. Aliyeipeleka ni wewe, Danson, wakili kama baba yako, na hukuniuliza. Aibu ya baba yako niliivaa kama mke. Hii ya kwako nimeizaa.

Sikilizeni basi. Nyumba hii ya Voi ni ya Lois aliyeniuguza. Ng'ombe mgawane bila kelele. Mimi nizikeni kwetu mlimani, kwa wazazi wangu. Kaburi la baba yenu liacheni lilipo, na watu wa Ndara wakitaka kulima kulizunguka, walime, kwa sababu shamba lile nimeamua kuwarudishia. Chifu na mchungaji walikuwa tayari kuniandikia hayo hapa kitandani, wewe Danson usijue. Nikawakataza. Sitaki litoke mikononi mwako kwa nguvu, baba. Nataka uende kortini kwa miguu yako, uiondoe kesi, kisha ukae nao chini, muulizane nani alilima wapi...

Ngoja. Pumzi.

Mungu awape... awape kupita kwa watu mkiwa mmeinua nyuso. Sina baraka kubwa kuliko hiyo. Nifunike miguu, Lois, baridi imeanza.

Danson. Sema.

Eeh... utaiondoa. Nimekusikia, baba. Sasa inua sauti. Dada yako asikie.