Mtungi Mwekundu wa Bi Masouda binti Amur

Bismillahi. Mliomo ndani na mliokaa barazani, ninyamazieni kidogo, maana sauti yangu haifiki mbali na mengine nitakayoyasoma sitayarudia. Mimi ni Shaikha binti Amur, mdogo wake marehemu, na ami yetu Aflah ameniomba niisome historia ya dada Masouda mbele ya mwanawe Thani, aliyefika jana kwa meli, siku mbili baada ya sisi kumzika mama yake.

Marehemu alizaliwa Mkunazini, Unguja, tarehe 3 Machi 1922, akatiwa chuoni kwa Bi Mahbuba akiwa na miaka sita, akakhitimu msahafu akiwa na kumi na moja, na Yasini aliihifadhi mapema zaidi, kwa kuwa Bi Mahbuba alikuwa na bakora na dada hakuipenda bakora.

Tarehe 14 Juni 1940 aliolewa na Bwana Marhoon bin Bakhit, mwenye duka Arusha, na huko, mwaka 1943, akajuana na Bi Helena, Mpolandi, mmoja katika wale wakimbizi wa vita waliowekwa kambini Tengeru, ambaye kwao, katika mji wa kale wenye kuta, alikuwa na mkahawa wa vyakula vya asili yao. Akamfundisha dada upishi huo, kwanza kwa ishara, kisha kwa Kiswahili cha kuokoteza, vifuko vya unga vilivyotiwa viazi na jibini, kabichi ya kuchachusha, na supu nyekundu ya bitiruti, ambayo maji yake hukaa mtungini siku saba mpaka yawe makali. Nguruwe, dada alimwambia tangu siku ya kwanza, abaki huko huko kambini, wakacheka wote wawili, wakatia nyama ya mbuzi.

Dada na mumewe walijaaliwa watoto wawili, msichana aliyefariki mchanga, na huyu Thani, aliyezaliwa Arusha tarehe 9 Agosti 1946. Mwaka 1951 walirudi Unguja, na Januari 1964 Bwana Marhoon aliuawa, na hapo sisemi zaidi, kila mmoja humu ana lake. Dada na mimi tulishuka hapa Maskati tarehe 22 Juni mwaka ule, kwa udhamini wa ami Aflah, aliyekuwa akikaa hapa, lakini Thani alikuwa bara akiuza kilichobaki katika duka la Arusha, na bila ya ruhusa ya kuingia hakuna meli ambayo ingemshusha. Tangu siku ile dada alikuwa na kazi moja tu duniani, kumpatia mwanawe ile karatasi.

Mwezi wa Machi 1965 alifungua mkahawa katika chumba cha mbele cha ami, karibu na lango kubwa, yeye akipika ndani, ami akiuza nje, bitiruti zikija kwa meli kutoka Karachi. Banyani walivipenda vile vifuko kwa kuwa havina nyama, watu wa kwetu walikuja kwa wali wa nazi wakaondoka wameonja supu, na jamani, ulikuwa mkahawa wa watu! Viazi vyote vya mkahawa ule nilivimenya mimi, na nasema hivyo kwa sababu.

Mwezi wa Septemba 1966 tuliambiwa ruhusa ya Thani imekubaliwa, imebakia mhuri tu, na dada kwa furaha akasema mbele yangu, "Thani akija, mkahawa wake." Siku ya tatu yake mtu mmoja alikwenda kisimani akasema kuwa kwa Masouda kuna mtungi unatoa povu, unanuka, unachacha wiki nzima, na maneno yakafika kwa askari wa lango. Huyo mtu nitamtaja kabla sijakaa, kwa hiyo msitazamane.

Jumanne tarehe 20 Septemba walikuja kuuchukua mtungi na dada pia, kwa tuhuma ya kupika pombe, na kadhi, ambaye hakuwa mtu wa haraka, akamwamuru anywe. Akanywa bakuli tatu, akakalishwa tangu asubuhi mpaka adhana ya adhuhuri, kisha akaambiwa asome Yasini, akaisoma yote bila ya kukosea hata herufi, nami nimesimama nje ya mlango, najua nikisema neno moja nitamsaidia, na sikulisema. Kadhi akasema, "Huyu mama kalewa nini? Mrudishieni mtungi wake." Lakini karatasi ya mashtaka ilikwisha kuandikwa, ikatiwa katika jalada la Thani, na ule mhuri haukupigwa.

Dada aliandika tena mwaka 1967, na 1968, na 1969, kila mara akaambiwa asubiri. Akashikilia kuwa aliyemsema ni jirani yetu, Bi Hamdiya, ambaye dirisha lake linatazama jiko letu, akamkatia salamu, na sahani zake za halua za Idi akazirudisha kama zilivyokuja.

Moyo ulianza kumsumbua Mei 1969. Mwaka huu, baada ya Julai, Sultani mpya alipofungua milango ya nchi, ruhusa ilitoka ndani ya wiki mbili, miaka minne imechelewa, na dada akafariki hospitalini Matrah, Jumatatu tarehe 12 Oktoba 1970, alfajiri, meli ya Thani ikiwa baharini.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Matrah, wapishi wenzake, na Banyani waliofunga maduka siku ya maziko. Jirani yetu Bi Hamdiya, uliyekaa hapo mlangoni, wewe nakushukuru peke yako, kwa kuwa ulikuja bila ya kuitwa ukamwosha mwanamke aliyekukatia salamu miaka minne. Hukusema kitu wewe. Niliyesema kisimani ni mimi Shaikha, kwa hasira ya mkahawa niliouona wangu, Wallahi sikudhani ule mtungi utafika kwa kadhi, lakini nilijua unachukiza, ndiyo maana nikausema.

Usiku wa mwisho dada alinishika mkono akanambia, "Mwambie Hamdiya nimemsamehe." Nikamwitikia, "Nitamwambia." Basi nimekwambia, bibi, na msamaha huo si wako maana hukukosa, wala si wangu maana sikutajwa, sijui nani aupokee.

Thani, mwanangu, wewe sikuombi kitu leo. Chakula cha khitma nimekipika mimi, na asiyeweza kula mkono wangu simlaumu. Dada Masouda, Mola akupumzishe kwa amani yake, na mimi aniache hapa kwanza, nikabiliane na mwanao.