Libère Munyakazi, Aliyeita Majina Mashambani

Kaka yetu Libère Munyakazi alizaliwa Buyenzi, Bujumbura, tarehe 3 Mei 1966, mtoto wa kwanza wa wakimbizi kutoka Rwanda. Mama alimwita mara tatu kwa kila jambo, kwa sababu mbili za kwanza hakuitika. Haikuwa jeuri. Alitaka kuwa na hakika kwamba ni yeye anayetakiwa.

Alisoma shule ya msingi hukohuko Buyenzi, kisha kilimo, akamaliza mwaka 1987. Mwaka 1995 alirudi nyumbani Rwanda na kuhamia Kabeza.

Tarehe 18 Julai 1998 alifunga ndoa na Béatha Uwizeye. Padri alimuuliza kama anamkubali, akanyamaza. Akaulizwa tena, kimya. Shemeji anasema Libère alipoitika mara ya tatu, yeye alikuwa ameshaanza kuutafuta mlango kwa macho.

Kuanzia 2008 aliandikisha wakulima wa vilima vya nyuma ya Masoro wapate nkunganire, ile ruzuku ya serikali ya mbegu na mbolea. Mkulima akifa, jina hufutwa. Ofisi ilitosheka na cheti cha kifo; Libère aliongeza la kwake. Alisimama ukingoni mwa shamba akaita jina mara tatu. "Mutu hafutwi kama hajaulizwa," alisema. Tulimcheka sana.

Tarehe 14 Septemba 2022 alikwenda kumwita Mukandayisenga, mjane asiye na mtoto, aliyezikwa mwezi mmoja kabla. Mara ya tatu sauti ilitoka nyuma ya migomba: "Niko hapa, Libère. Ngoja nimalize hii kipande." Alipoingia hakukuta mtu. Udongo ulikuwa umetoka kulimwa, na mpini wa jembe ulikuwa bado na joto la mkono.

Alikataa kulifuta jina hilo. Mkuu wake, Mugabo, alimfokea: "Huyu mama iko kaburini!"

"Basi kuja umuambie wewe, chef. Mimi ameniitikia."

Alibeba mwenyewe mbegu za yule mama na kuziacha ukingoni. Mahindi yaliota kwa mistari iliyonyooka, na hakuna jirani aliyekiri kuyapanda. Tarehe 30 Juni 2023 alifukuzwa kazi kwa kumpa maiti ruzuku. Siku hiyo hata sisi ndugu zake hatukumtetea. Inaniuma mpaka leo.

Novemba 2025 alipatwa na kiharusi. Alifariki nyumbani Kabeza, Jumatatu tarehe 9 Februari 2026, saa kumi jioni. Siku mbili kabla alinishika mkono: "Akimana, musinifute bila kuniita." Nilimwahidi.

Ameacha mjane, Béatha. Watoto wawili, Iteka na Ntare. Na mimi, mdogo wake. Ameacha pia shamba la Mukandayisenga, alilolitunza hadi alipougua. Tulipita pale juzi. Limepaliliwa lote, na sisi hatukumtuma mtu.

Kabla udongo haujarudishwa kaburini, Iteka atamwita baba yake mara tatu. Béatha ameomba yeye mwenyewe akae mbali kidogo, mtuelewe. Tafadhali zimeni simu, na mtu yeyote asiitikie kwa niaba yake. Mliomfahamu mnajua kwamba mbili za kwanza hazihesabiki.

Akinyamaza hata mara ya tatu, apumzike kwa amani.