Profesa Hezekiah Theuri Mutahi, Mkuu wa Chuo Aliyemtafuta Mwanafunzi Wake

Jamaa ya Mutahi inawashukuru nyote mliopanda kilima hiki kwenye matope kuja kumsindikiza ndugu yetu. Mimi ni Murugi, dada yake mdogo.

Profesa Theuri alizaliwa tarehe 14 Machi 1930 hapa Othaya, kifungua mimba wa marehemu Simeon Mutahi na marehemu Waithira. Alianza shule ya misheni mwaka 1938, akasonga mbele mpaka Makerere, alikohitimu mwaka 1955. Baba alikuwa kizuizini wakati huo, miaka ya Hali ya Hatari chini ya wakoloni. Mama alizipata habari za kufaulu kwake akiwa kwenye kazi ya lazima, jembe mkononi, na hakuruhusiwa hata kusimama afurahi.

Mwaka 1958 alifunga ndoa na Kagure katika kanisa letu la hapa, wakajaliwa Mutahi na Waithira.

Alifundisha shule za upili, kisha akasomea elimu ya udongo ng'ambo, akarejea mwaka 1965. Mwaka 1973 aliteuliwa mkuu wa kwanza wa Chuo Kikuu cha Nyanda za Juu, kule Kieni, karibu na Chaka. Siku ya ufunguzi mabomba yalikauka. Alipanda lori mwenyewe mpaka Naro Moru kuteka maji, akarudi suti imelowa. Mgeni mmoja wa heshima alimkuta ameshika mpira wa maji, akamuuliza, "Dereva, mkuu wa chuo yuko wapi?" Akajibu, "Ngoja nijaze tangi hili, nitamwita."

Lililotokea mwaka 1981 alituagiza tulisome mbele ya watu bila kulipamba.

Mwezi Machi wanafunzi waligoma wakitaka walimu wao wawili waliofutwa kazi warudishwe. Tarehe 19 askari waliokuja kutoka nje ya wilaya walizingira mabweni wakiwa na bunduki. Ofisa wao alimwambia, "Profesa, tunamtaka Khisa tu. Ni maswali kidogo. Jioni atakuwa amerudi. La sivyo, tunaingia."

Philemon Khisa alikuwa kiongozi wa wanafunzi, kijana kutoka Bungoma. Kaka yangu aliingia bwenini, akamwomba atoke ili wenzake wasiumizwe.

"Mwalimu, hawa wakinichukua sitarudi," Khisa alimwambia.

"Utarudi. Wameniahidi."

Alimshika mkono, akamfikisha langoni. Mabweni hayakuvamiwa. Khisa hakurudi.

Kaka yangu alijiuzulu wiki hiyo hiyo. Mwezi Mei mama yake Khisa, Tryphosa Nasirumbi, alifika kwake akiwa amebeba shati la mwanawe lililopigwa pasi.

"Ni wewe ulimshika mkono?" aliuliza.

"Ni mimi, mama."

Aliliweka shati mezani. Kisha akasema, "Basi tutamtafuta pamoja."

Walimtafuta karibu miaka sita. Nyeri, Nanyuki, Nairobi, vituo vya polisi, magereza, vyumba vya maiti. Kila mahali waliambiwa jina hilo halijulikani. Kagure aliwapikia kila waliporudi, na hakuwauliza kitu, maana nyuso zao zilitosha. Marafiki wengi waliacha kumtembelea kaka yangu. Kazi nyingine hakupewa.

Januari 1987 alipatwa na kiharusi, akalazwa mjini Nyeri. Ulimi ulikuwa mzito, lakini alimuuliza kila daktari aliyeingia, "Khisa amepatikana?" Tuliomba apate jibu kabla ya kwenda. Hakulipata. Alifariki Jumatano, tarehe 8 Aprili 1987, mkewe akiwa amemshika.

Ameacha mjane wake, Kagure, watoto wake, Mutahi na Waithira, mimi dada yake, wanafunzi aliowalea, na Mama Tryphosa, aliyeketi hapa mbele pamoja nasi, ambaye hana kaburi la kulilia.

Mungu ampe Theuri pumziko ambalo sisi hatukuweza kumpa. Na kama yupo kati yenu anayejua Philemon Khisa alipelekwa wapi, tafadhali, tunakusihi, usiondoke leo bila kumwambia mama huyu.