Kazi Niliyoifanya Marekani: Maneno ya Ufunguzi wa Pembea za Hail

Bismillahi Rahmani Rahim.

Mheshimiwa mgeni rasmi, Sheikh Thani. Waheshimiwa mliokuja na majoho yenu katika joto hili. Wazee wenzangu, mliofika kwa miguu yenu na mliofikishwa na wajukuu. Kina mama wa upande wa pili. Nanyi watoto, mnaonitazama kwa uchungu kwa sababu mmeambiwa pembea haitowashwa mpaka babu amalize kusema: Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Watoto nawaomba radhi kabla ya wote. Nnajua mlivyo. Nami nilipokuwa na umri wenu nilisubiri hotuba ya bwana mkubwa mmoja pale Mnazi Mmoja, siku ya Idi, na nilimwombea maradhi madogo.

Naomba pia ruhusa niseme nikiwa nimekaa. Daktari wangu wa Ghubra ameshanieleza kwamba moyo huu umechoka, na alipokuwa akinieleza hakunitazama usoni, kwa hiyo nimemfahamu. Amenikataza chumvi, amenikataza ngazi, amenikataza na hasira. Hotuba hakuzitaja.

Ndugu wageni waalikwa, tumekusanyika hapa Hail yetu ya Maskati kufungua kazi ya mjukuu wangu Khawla. Khawla ni mhandisi. Alikuwa na kazi nzuri Khuwair ya Kusini, ofisi ya ghorofani, kiti cha kuzunguka, na mashine ya baridi inayomlazimisha mtu kuvaa sweta mwezi wa Juni. Ameiacha. Amenunua pembea kuukuu ya kuzunguka, ya farasi wa mbao, iliyotengenezwa Marekani katika miaka ya hamsini, akaileta kwa meli vipande vipande, na ilipofika bandarini farasi walikuwa miguu mbali na viwiliwili mbali, hata bwana mmoja wa forodha akamuuliza kama anacho kibali cha kuingiza nyama. Akawaunga mwenyewe. Akawapaka rangi mwenyewe. Akatafuta sanduku la muziki la kutia sarafu, akatundika taa za rangi, akajenga kibanda cha bisi. Mimi nilipoletwa hapa mara ya kwanza, nikasikia lile sanduku linavyokwaruza kabla ya kuanza kuimba, nilitafuta pa kukaa, na safari hii halikuwa kosa la moyo.

Sasa, kwa nini mzee mgonjwa amepewa kipaza sauti? Mwanangu Msellem, baba yake Khawla, yuko hapa safu ya mbele, na wanaomjua wanaona kwamba hana raha. Simlaumu. Juzi alikuja nyumbani, akakaa karibu yangu, akanambia kwa adabu zake zote, "Baba, watu watasemaje? Mjukuu wa mtu aliyekuwa mshauri Marekani anasimama mlangoni, mikono imejaa grisi, anakata tiketi za pembea?" Akaniomba nitangaze leo, mbele yenu, kwamba Khawla amekwisha kujenga, kwamba pembea zitapata meneja, na kwamba yeye atarudi ofisini kwake.

Msellem alijua anachokifanya. Kwetu sisi neno la mzee likishatamkwa mbele ya wageni halirudishwi, na mzee mwenyewe akiwa mgonjwa ndiyo limekwisha kabisa. Khawla alikuwa chumba cha pili, akasikia yote. Aliniletea chai, akaiweka, akatoka. Chai haikuwa na sukari. Na mimi sukari yangu hutiwa na Khawla, kwa siri, kinyume cha amri za nyumba nzima. Nikaijua hukumu yangu kabla sijafika nusu ya kikombe.

Basi Msellem, baba, neno nitalisema. Lakini kwanza mnistahamilie niueleze ule ushauri.

Mnajua wote kwamba nilisoma Marekani. Hilo ni kweli, na shahada iko ukutani, ya historia. Mnajua pia kwamba kila kiangazi, skuli zikifungwa, nilikuwa na kazi ya kushauri watu. Hilo nalo ni kweli kwa namna yake. Nilikuwa nikiwashauri kutoka ndani ya kibanda, katika kiwanja cha michezo kando ya bahari, nimekaa juu ya ngamia aliyejazwa majani makavu, nimevaa ndevu za bandia na kilemba kilichoshonwa kwa pazia. Mlangoni palikuwa na kibao kilichoandikwa: Mfalme wa Jangwa, Ajuaye Yote.

Mheshimiwa Sheikh Thani, inua uso tu, huna haja ya kunionea haya.

Jangwa lenyewe sikuwa nimeliona. Mie mzaliwa wa Malindi, Unguja. Nilikuwa nikijua karafuu, mvua na tope. Jangwa nililiona miaka ya sabini, tulipohamia huku Maskati kwa mababu zetu, na nilipoliona niliumwa na kichwa. Lakini tajiri wangu, Mmarekani mnene aitwaye Walter, mwenye nywele za kupakwa mafuta mpaka ziking'ara kama kiatu kipya, hakuuliza mambo hayo. Sharti lake lilikuwa moja: nisitamke Kiingereza. Mteja aulize kwa Kiingereza, mimi ningurume kwa lugha yangu, yeye Walter afasiri. Kiswahili Walter hakukijua hata neno moja, na jambo hili halikupata kumzuia.

Mteja wangu wa kwanza alikuwa mwanamke kijana, macho mekundu kwa kulia. Alitaka kujua aolewe na fundi wa magari au asiolewe. Kijana asiyepata kuoa atasema nini? Kitu pekee nilichokijua kwa moyo, chenye mwanzo na mwisho, kilikuwa pweza wa nazi wa bibi yangu Nunu, maana bibi alikuwa akipika huku akijisemesha. Nikafumba macho, nikaishusha sauti mpaka kifuani, nikasema, "Mpige pweza juu ya jiwe mpaka alainike. Tui jepesi litangulie, tui zito lije mwisho. Na chungu usikifunike."

Walter akamwinamia yule mwanamke kwa heshima. Akamwambia kwamba Mfalme anasema, huyo mwanamme ni mgumu, lakini dunia itamlainisha. Usifanye pupa, mazuri yanakuja mwisho. Na mama yako usimfiche.

Yule mwanamke alilia kwa furaha. Kiangazi cha pili alirudi na yule fundi na mtoto mchanga, wakataka nimshike mtoto nimsomee. Nikamsomea maandazi.

Nakuulizeni, waheshimiwa, sisi tuliomaliza umri wetu maofisini, tuliopiga mihuri na kuhudhuria mikutano, ni nani kati yetu aliyewahi kuletewa mtoto mchanga kwa shukurani ya ushauri wake?

Na nisiseme uwongo juu ya uwongo: kule nilikupenda. Nikifunga kibanda jioni nilikuwa nikitembea tu, natazama. Palikuwa na treni ya mbao iliyopanda kilima chake kwa kelele za mabati katika upepo, kisha ikashuka na watu wote wakamwita mama, wakubwa kwa wadogo. Palikuwa na magari yaliyopangwa nje, marefu, yana mapezi nyuma kama papa, na kila kijana akilegemea gari lake kana kwamba amelizaa. Palikuwa na aiskrimu iliyoelea ndani ya soda, na sukari iliyosokotwa kama pamba, ambayo niliila siku moja bila ya kuzivua ndevu za Walter, na ndevu zile zikawa zangu mpaka asubuhi. Na muziki, ndugu zangu. Nyimbo zote zilikuwa za watu walioachwa na wapenzi wao, lakini ziliimbwa kwa furaha kama walioachwa ni majirani.

Mzee Musallam, yule pale nyuma anayejifuta macho kwa kilemba chake, ananicheka kwa sababu yeye peke yake alikuwa shahidi. Musallam alikuwa baharia. Jioni moja meli yake ilitia nanga karibu, akaingia kibandani na mabaharia wenzake, akalipa, akakaa mbele ya ngamia. Sikumtambua kuwa ni mtu wa kwetu. Nikaanza pweza wangu kwa sauti ya kaburini. Nilipofika kwenye tui, yule baharia akasema taratibu, kwa Kiswahili cha Ng'ambo ya Unguja, "Na ndimu, bwana mkubwa? Umeiruka ndimu."

Nilianguka kutoka juu ya ngamia. Walter akawatangazia watu kwamba Mfalme amepandwa na pepo, na makofi yaliyopigwa sijapata kupigiwa tena, hata siku niliyostaafu.

Musallam ameihifadhi siri hii tangu ujana wetu mpaka leo. Malipo yake ni bakuli zima la halwa kila Idi.

Sasa huo ushauri wangu ulikuaje mpaka ukafika ulipofika? Sikuusukuma. Nilirudi Unguja, marehemu mama akaniuliza likizo nilikuwa nikifanya nini, nikajibu, "Nikishauri watu." Mama akamwambia jirani kwamba mwanawe ni mshauri. Jirani akaongeza "wa mambo ya Mashariki". Nilipokwenda kumposa Nasriya, baba yake alikwisha kusikia kwamba nilishauri wizara. Na tulipohamia huku Maskati, mtu mmoja alinitambulisha katika majlis, mbele ya baraza zima la wageni, kwamba niliishauri serikali ya Marekani, nami nikanyanyua kikombe cha kahawa nikanywa, na kahawa ile ilikuwa tamu. Kosa langu ndilo hilo tu: kila mtu alipoongeza, mimi nilikunywa.

Jana asubuhi nilimwita mke wangu, bibi yenu Nasriya, nikamwambia nnalo jambo la kukiri kabla sijafa. Nikamweleza yote, ngamia, pazia, Walter. Nasriya akaendelea kuchambua mchele. Kisha akasema, "Mie nnajua tangu wiki ya harusi. Unaota kwa sauti. Nilikuwa nikidhani unanifundisha kupika, nikaona heri ninyamaze, maana pweza wako ni mzuri kuliko wa mama yako."

Kwa hiyo, Msellem, mwanangu: lile jina unaloliogopea lisichafuliwe na grisi za Khawla ni jina la mtu aliyekuwa kivutio cha kiwanjani. Aliyeanza kukata tiketi katika ukoo huu si binti yako.

Mngeniruhusu ningekomea hapo, mkacheka, tukala. Lakini nimebakiwa na moja, na hili Musallam pia halijui.

Kiwanja kile kilikuwa na mlango mkubwa, na mlangoni palikuwa na mlinzi. Nilipokuwa na kilemba cha pazia nilipita, na mlinzi alinipigia saluti. Nilipokivua, nikaja na shati langu na uso wangu huu niliozaliwa nao, mlinzi yule yule alinambia kwamba watu weusi wana siku yao, Jumatatu, na leo si Jumatatu. Pembea ya farasi niliyokuwa nikiitazama kila siku, nilipanda mara moja tu, nimevaa ndevu za mtu mwengine. Watoto wakinipungia mkono, na mimi nikiwapungia, Mfalme wa Jangwa. Mimi mwenyewe, Marhoon, nilikuwa sipo. Katika hadithi zote nilizokusimulieni za Marekani, na nimezisimulia mpaka mmezichoka, mlango ule sikuutaja. Niliona haya, kana kwamba aliyeuweka ni mimi.

Wiki iliyopita nililetwa hapa wakati wa majaribio. Nilikaa garini, Khawla hakujua kuwa nnamwona. Wale mafundi na vibarua waliobeba farasi hawa kwa mabega, watu wa Bangladesh na Kerala, walikuwa wamesimama kando, wanafuta mikono, wanangoja kuambiwa waende. Khawla akawafungulia mlango. Akawaambia kwamba pembea haijapata kujaribiwa na watu, na kwamba wa kwanza watakuwa wao. Mmoja, mtu mzima mwenye mvi, akachagua farasi mweupe, kisha akashuka, akauliza jambo. Nilimsikia Khawla akimjibu, "Farasi yeyote, ammi. Uliyempenda." Akapanda tena. Ikawashwa. Yule mzee alikuwa anazunguka na ndara zake mkononi, asimchafue farasi.

Meneja tukimtafuta tutampata. Atakuwa na tai, na atajua kuhesabu. Lakini mlangoni, Msellem, pale ambapo mtu anaambiwa ingia au anaambiwa leo si siku yako, mimi nnataka asimame binti yako. Umeniomba neno la mzee mbele ya wageni, na wageni ndio hawa, na mzee unamwona hali yake. Neno langu ni hili: Khawla asiondolewe kwenye mlango huu, na asiulizwe tena kwa kutumia jina langu. Mheshimiwa Sheikh Thani, umesikia. Musallam, umesikia.

Namshukuru Sheikh Thani kwa kuacha shughuli zake. Nawashukuru waliotufungia taa, waliopika, na waliokaa juani. Namshukuru Nasriya kwa kunyamaza, kisha kwa kusema.

Khawla, mama, washa mashine yako. Na wewe Msellem, njoo unishike mkono huu, upande wa kulia ndio wenye nguvu kidogo. Unipandishe juu ya yule mwekundu, kisha nawe umpande farasi wa pili yake, unizuie nisianguke. Joho livue, litanasa.

Mmenipa masikio yenu kwa muda mrefu kuliko nilivyostahiki. Nakurudishieni. Asanteni.