Majoho ya Buluu ya Haskell Grove

Imesomwa na Bi. Ernestine Gadsden kwa niaba ya wenzake

Mgeni rasmi, Bi. Lorraine Tillery, Mwenyekiti wa Bodi ya Elimu ya Kaunti yetu ya Marlow, Mchungaji, mwalimu wetu mpendwa, Bi. Odessa Pruitt, wana wa Haskell Grove na jamaa zetu wote: tunakusalimuni.

KUKUKARIBISHA

Karibu katika ukumbi wa michezo, jengo pekee la shule yetu ambalo bado limesimama. Utuwie radhi kwa joto hili. Mapangaboi yameshang'olewa, maana ukumbi unavunjwa baada ya likizo ili mabasi yapate pa kulala. Wapo waliosema tusikualike. Shemasi Cleophus Yancey alisimama kikaoni akauliza, "Yaani tumwite aje ale kuku wetu, halafu atubomolee?" Bi. Pruitt akamjibu, "Wewe Cleophus, kaa chini. Mgeni analishwa kwanza." Basi kuku wa kukaanga yupo, na pai ya pichi ipo. Karibu sana.

HISTORIA YETU

Haskell Grove ilijengwa siku zile ambazo mtoto Mweusi wa Alabama hakuruhusiwa kukaa darasa moja na mtoto wa Kizungu. Bodi ilituletea vitabu vilivyokwisha kuchakaa katika shule ya Wazungu, ng'ambo ya reli. Matofali, mbao na jasho vilikuwa vya wazazi wetu.

Majoho ya mahafali hatukupewa. Bi. Pruitt, aliyekuwa akitufundisha ushonaji, aliyashona na wasichana wake, ya buluu, na yakawa na utaratibu wake. Ukishapita jukwaani na kushikwa mkono, unavua joho, unashona jina lako ndani ya kola kwa mkono wako mwenyewe, chini ya jina la aliyekutangulia, wavulana kwa wasichana. Kisha unamkabidhi wa darasa linalofuata, akalifue kwao na kulitunza mpaka zamu yake ifike. Kushona jina kabla hujapita ilikuwa mwiko. Bi. Pruitt akikukamata, uzi unafumuliwa na rula unaionja.

Ndivyo majoho yalivyotufikia sisi, darasa la 1970, mwezi Juni 1969. Kiangazi hichohicho Bodi ikaifunga shule yetu na kutuhamishia ng'ambo ya reli. Lori likaja. Vikombe vya mpira wa kikapu, ngoma za bendi, picha za waliotutangulia, vyote vikaenda jalalani. Majoho yalinusurika kwa sababu yalikuwa yameanikwa kwenye kamba za mama zetu.

MAFANIKIO

Shule hii imetoa wauguzi, mafundi, walimu, jaji mmoja, na shemasi mmoja mbishi. Tunajivunia wote, na shemasi tunamvumilia.

CHANGAMOTO

Mwaka uliofuata, siku ya mahafali, tulikwenda huko ng'ambo tukiwa na majoho yetu mkononi. Mwalimu mkuu wa huko akatuambia, "Hayo matambara yarudisheni nyumbani." Tukavaa meusi ya kukodi. Cleophus alivaa la buluu kwa ndani, akanusurika kuzimia kwa joto, na hadi leo anadai kwamba ile inahesabika. Tumeshamwambia haihesabiki. Vyeti vyetu vina jina la shule ambayo haikututaka. Iliuma, Mgeni rasmi, na bado inauma.

Wenzetu wanazidi kuondoka. Machi tulimzika Alton Mabry. Mjane wake alitaka azikwe na joho lake, Bi. Pruitt akakataa katakata. "Hajapita bado," alisema. Leo joho hilo liko mapajani mwa binti yake, Renita, pale safu ya mbele.

Tuliiandikia Bodi kuomba tufanyiwe mahafali. Tulijibiwa kwamba shule isiyokuwepo haiwezi kumhitimisha mtu.

OMBI

Kuhusu jengo, sisi tulikwisha kusema na Bodi ilikwisha kuamua. Leo tuna ombi moja tu. Cheti hatukiombi. Jukwaa liko nyuma yako, na bado linabeba watu, tumelikagua. Tunakuomba upande, uyasome majina yetu, na utushike mkono mmoja baada ya mwingine kwa jina la Haskell Grove. Kwa Alton atapita Renita.

Hili hatukuliandika kwenye mwaliko. Tuliogopa ungetukatalia kwa simu. Ukikataa sasa, itabidi utukatalie huku unatutazama, na kama unavyoona, wote tumekwisha kuvaa. Cheka ukitaka, la Cleophus halifungi tumboni.

SHUKRANI

Tunakushukuru kwa kuja na kutusikiliza. Mungu akujalie afya, ailinde nyumba yako, na aibariki mikono yako, ambayo leo tunaihitaji. Bi. Pruitt haoni vizuri siku hizi, lakini asubuhi hii ametia uzi kwenye sindano zote mwenyewe na amekataa kusaidiwa. Ziko pale mezani, kando ya pai.

Ni sisi,
Darasa la Mwaka 1970,
Sekondari ya Haskell Grove,
wahitimu watarajiwa.