Makande ya Watu Mia Sita

Tarehe 30 Juni 2025, Ndugu Asheri Fanueli anakabidhi mwiko baada ya miaka thelathini na minne ya kuipikia shule yetu hapa Bombo. Wazazi wamekula makande yake, na watoto wao wakaja wakayala. Mkewe, Bi Eliakunda, hajaonja hata punje.

Alipoajiriwa mwaka 1991, jiko lilikuwa la akina mama wawili, na wanaume wa kijiji walimcheka eti avae kanga kabisa. Kisha shule ikanunua masufuria ya kuinuliwa na watu wanne, mshahara ukapanda, na ghafla kazi ikawa ya kiume! Akina mama wale wakaambiwa ni nzito mno kwao. Wakaendelea kupanda mlima na mizigo ya kuni kichwani kutuletea, ila huo uzito hakuna aliyeuona. Waliocheka wakaleta barua za maombi.

Nyumbani Asheri hakugusa hata kijiko. Alitufundisha kwamba mwanamume hupikia watu mia sita. Anayepikia wawili ametawaliwa. Bi Eliakunda alipougua malaria, shujaa wetu alitembea saa mbili kwenda kwa dada yake kuomba uji. Jamani! Ulifika umepoa na kuganda. Bi Eliakunda aliunywa hivyo hivyo, na hadi leo akiusimulia hacheki.

Mwaka juzi yakaja majiko ya gesi, ya kuwasha kwa kidole. Mwenzetu akaenda kumlalamikia mkuu wa shule kwamba kazi imeharibika, sasa hata mwanamke anaiweza. Mwanamke huyo ni Devotha, na ndiye anayemrithi.

Haki yake tumpe: mkono wake ni mtamu, na mvua zilipokata barabara alichota maji mtoni mwenyewe, tukala kwa wakati. Asante sana, kaka.

Mwezi uliopita Bi Eliakunda aliteleza shambani akavunjika mkono wa kulia. Dada wa uji alishatangulia mbele ya haki. Siku ya Jumanne, Asheri, aliyezoea kupima kwa debe, alimvuta Devotha kando na kumwuliza kwa sauti ya chini maharage ya watu wawili ni kiasi gani. Devotha akamwambia kikombe kimoja. Asheri akaandika kiganjani.

Ustaafu uwe wa heri, kaka Asheri. Nawe shemeji Eliakunda, karibu mezani. Umengoja vya kutosha.